Theluthi

Mimi si msemaji. Huku Kajaani hilo si kosa:
unaweza kuishi na jirani miaka hamsini
mkasalimiana kwa kuinua kidole kutoka kwenye usukani.
Usiku naendesha greda la theluji, alfajiri narudi
na maneno kama ishirini mfukoni. Nilidhani yanatosha.
Wakaja watatu kwa mpigo, wiki saba kabla ya siku zao,
Hilla, Okko, Taimi. Nikapiga hesabu mezani:
ishirini gawa kwa tatu ni sita, na kitu kinabaki
kwenye uji.

Walipotimiza miaka miwili, mtoto wa dada yangu,
aliyezaliwa peke yake, alikuwa akisimulia ndoto.
Wangu walikuwa wakisema *öpö*.

Öpö ilikuwa taa ya njano juu ya greda,
kisha greda lenyewe, kisha mimi mlangoni
na barafu kwenye ndevu.
Nannu ilikuwa maziwa, na chochote cheupe:
shuka, theluji, karatasi, kichwa cha bibi yao.
Na tiika. Hili lilitutoa jasho.
Sirkku alilitega sikio majira yote ya giza,
akiandika nyuma ya bili za umeme
nani kasema, kamtazama nani, kijiko kilikuwa wapi,
hadi usiku mmoja akanitikisa bega:
"Maana yake, *mpe yeye kwanza*."
Nikaketi kitandani. Miaka arobaini na moja
nimeishi bila neno hilo.

Kliniki, muuguzi Räsänen alitandaza kadi za picha.
Ng'ombe. Kiatu. Jua.
Hawakumtazama ng'ombe. Walitazamana.
Kitu kikapita kati yao, chini chini, upesi,
kama ishara za madalali mnadani,
Okko akacheka, na wenzake
wakacheka kicheko chake kilipokwisha.
Räsänen akaandika: wamechelewa.
Hakuwa mtu mbaya. Alisema mtoto hunywa lugha
kwenye kinywa kilicho karibu,
na vinywa vya karibu vya hawa ni vyao wenyewe;
mmoja akikosea, wawili wanaitikia,
kosa linapata mashahidi, linakuwa sheria.
"Ongea nao," aliniambia. "Mmoja mmoja. Kwa jina."

Basi kila Jumamosi nikampakia mmoja kwenye greda.
Nikataja vitu kama mtu asomaye orodha ya vipuri:
nguzo. Breki. Sungura. Daraja.
Koo liliniuma. Injini inanguruma, nikawa napaza sauti,
na mpaka leo Hilla hawezi kulitamka neno "daraja"
bila kupiga kelele.

Lililogoma kutoka ni "mimi".
Kwa kila mmoja wao, mimi ilikuwa Hokota,
majina matatu yaliyopondwa kwenye kinu kimoja.
Taimi akijigonga kwenye meza,
Okko, akiwa chumba kingine, analia: Hokota anaumia.

Kisha Aprili, theluji ikiwa imeanza kuoza kando ya barabara,
Taimi alikuwa kitini, kioo cha dirisha kimejaa uso wake
na hakuna mwingine ndani yake.
"Minä," akasema. Mimi.
Akageuka kushoto, akageuka kulia,
kama anayetafuta nani kamwachia
mzigo huu aubebe peke yake.
Nilizima injini. Sikujua la kusema,
lakini safari hii nilijua kwamba sijui.

Sasa wana miaka sita na wanaongea kama redio iliyokwama.
Jana mezani nikaomba nannu.
Wakanitazama, wote watatu, kwa macho ya Räsänen.
"Ma-zi-wa, baba," akasema Hilla, polepole,
akaniinulia jagi nilione vizuri.

Nikalipokea. Nikalisogeza mbele ya Sirkku.
Tiika, nikamwambia.
Akamimina bila kuuliza.
Tumebaki wawili tunaoisema lugha ile,
na lafudhi yetu ni mbaya sana.